Kigango kinakuwa parokia, ugomvi umebaki kwenye jina. Hivi nani alianza kuyapa makanisa majina ya watakatifu?

Kihamba Juu

Wakuu salaam. Mi nipo Moshi mjini ila mada imetoka mlimani kwetu, kijiji sitaji maana humu ndugu zangu wamo na mmoja wao ni katibu wa kamati husika, asije akaninunia Desemba nzima.

Kisa chenyewe. Kigango chetu (kituo kidogo cha kusalia chini ya parokia) kipo toka babu yangu hajaoa, kinaitwa Mt. Mikaeli. Kengele yetu mpaka leo hii ni ringi ya lori imening'inizwa kwenye mti wa mringaringa, kuna mzee anaigonga na kipande cha nondo kila jumapili alfajiri, na kama ulikulia kwetu unaijua hiyo sauti, ikilia ya kwanza unatakiwa uwe umeshakata majani ya ng'ombe, ya pili uwe umeoga, ya tatu mama anatoka na fimbo. Sasa tumejenga kanisa la maana, bati la rangi, vigae mpaka kwenye ngazi, na tumeambiwa mambo yakienda sawa tunapandishwa kuwa parokia. Tukafurahi, mbuzi wakaanguka, alafu jumapili mbili zilizopita kikao cha baada ya misa kikageuka soko la Kiborloni.

Maana aliyelipa bati lote ni tajiri mmoja wa kwetu yupo Kariakoo, na anaomba (yeye anasema anaomba, ila wote tunajua) parokia iitwe Mt. Apolinari kwa sababu ndo jina la marehemu baba yake. WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki, wakasimama wakasema kama ni kubadilisha basi iwe Mt. Rita, wao ndo waliobeba mchanga kichwani toka mtoni na hakuna mwanaume aliyewapokea hata debe moja, na hapo wanaume wote tukaangalia chini maana ni kweli. Vijana nao wanamtaka Carlo Acutis, yule kijana wa kompyuta aliyetangazwa mtakatifu Septemba 2025. Wazee wamekunja uso, Mikaeli haondoki.

Ndo akasimama mzee mmoja, hata hakupaza sauti, akauliza "huyo Mikaeli mwenyewe aliletwa na nani?" Kimya. Watu mia na ushee hakuna anayejua. Tumesali chini ya hilo jina maisha yetu yote na hakuna anayejua lilitoka wapi.

Kwa hiyo naombeni wajuzi, hii kitu ilianzaje, nani huwa anachagua, na je jina likishawekwa linatoka?

Mtori Moto

Muiteni Mt. Bati yaishe.

Ex Seminari

Tumsifu Yesu Kristo. Nilikaa seminari nikatoka kwa sababu zangu, ila historia ya kanisa nilikuwa naisoma hata kwa tochi chini ya blanketi, ngoja nijaribu.

Kwanza mtoe kichwani hii picha ya watu kukaa kikao na kuchagua jina, mwanzoni hakuna aliyekuwa anachagua. Karne za mwanzo watu walikuwa wanasali nyumbani kwa mtu, kama sisi tunavyosali jumuiya. Hata hili neno kanisa limetujia kwa njia ya Kiarabu na nyuma yake kuna Kiaramu, na huko mzizi wake ni kukusanyika, yaani ni watu sio tofali. Pale Roma hizo sehemu za kusalia zilijulikana kwa jina la mwenye nyumba au aliyetoa kiwanja, kwa Klementi, kwa Sesilia, kwa Pudensi, sawasawa na sisi tunavyosema "wiki hii jumuiya ni kwa Mama Deo". Miaka ikaenda, waliomjua mwenye nyumba wakafa, jina likabaki ukutani na mbele yake likaongezwa "Mtakatifu". Kwa hiyo tajiri wenu wa Kariakoo asionekane kituko sana, mtoa kiwanja kuacha jina lake kanisani ni mambo ya zamani mno.

Ila njia iliyokuwa kubwa kuliko zote ni kaburi. Mashahidi, yaani waliouawa kwa ajili ya imani, walizikwa nje ya mji, na waumini walikuwa wanaenda kaburini kila mwaka siku ile aliyofia kula na kusali. Konstantino alipowapa Wakristo uhuru karne ya 4 akajenga juu ya makaburi hayohayo. Chukua lile la Petro pale Vatikano. Mafundi walikuwa wanaweza kujenga sehemu tambarare wakamaliza haraka, lakini walichonga mteremko wa kilima na kufukia makaburi ya watu wengine kibao ili tu altare ikae juu ya kaburi moja. Ukimuuliza fundi wa siku ile "kanisa hili mmelipa jina gani" angekushangaa, jina lilikuwa limeshalala pale chini kabla hata ya tofali la kwanza.

Sasa shida ikaja kwa miji ambayo haina shahidi. Milano mwaka 386 askofu Ambrosi kamaliza kujenga kanisa, watu wakamwambia lizindue kama ulivyofanya lile lingine, akajibu sawa, nikipata masalia ya mashahidi. Wakachimba, wakapata mifupa ya Gervasi na Protasi, wakaihamishia chini ya altare. Hapo mchezo ukageuka, kabla ya hapo kanisa lilikuwa linafuata mfupa, kuanzia hapo mfupa ukaanza kulifuata kanisa. Mwaka 787 Mtaguso wa Nikea wa pili, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ukaagiza kabisa kwamba kanisa lisitabarukiwe (lisiwekwe wakfu) bila masalia. Matokeo yake mnaweza kuyakisia, mifupa ikawa mali. Wafanyabiashara wa Venice mwaka 828 waliuchukua mwili wa Marko kule Aleksandria, tunasema waliuchukua lakini waliiba, na inasimuliwa waliufunika na nyama ya nguruwe ili wakaguzi Waislamu wa bandarini wasiguse. Kabla ya hapo msimamizi wa Venice alikuwa Theodori, mzee wa watu akawekwa benchi. Mwaka 1087 mabaharia wa Bari nao wakaenda Myra, Uturuki ya leo, wakambeba Nikolasi.

Mlokole wa Ngaramtoni

Kwa hiyo mnakiri wenyewe hapa hadharani kwamba ni habari ya mifupa. Watumishi, kanisa ni la Mungu, sio la Rita wala la Apolinari. Sisi kanisa letu halina jina la marehemu yeyote.

Mtori Moto

@Mlokole la kwenu si lina picha ya mchungaji na mkewe kwenye bango barabarani? Anzia hapo.

Ex Seminari

@Mlokole hoja yako ina miaka 1600 na aliyeijibu ni Mwafrika mwenzetu, Augustino wa Hippo, huko Algeria ya leo. Alisema mashahidi hatuwajengei mahekalu kama vile ni miungu, tunawajengea kumbukumbu kama watu waliokufa ambao roho zao zinaishi kwa Mungu. Mpaka leo kwa utaratibu kanisa linatabarukiwa kwa Mungu, mtakatifu ni wa jina tu, kama shule ya msingi yenye jina la mzee fulani, haina maana shule ni yake. Ingawa nakubali kuna bibi zetu ukiwauliza watakujibu vingine.

Machame Damu

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni KKKT, Mlutheri, ngoja niwape upande wa pili wa mlima, maana nyie wenzetu mnagombana na sisi hata hatuna cha kugombania. Kwetu ni Usharika wa Nkwarungo, Usharika wa Kidia, Usharika wa Ashira, Usharika wa Moshi Mjini, ukisikia jina ushajua ushuke kituo gani.

Sasa kitu kinachonichekesha. Wamisionari waliotuletea sisi injili Machame mwaka 1893 walikuwa wa Misioni ya Leipzig. Nenda Leipzig penyewe uangalie Walutheri wanasali wapi. Kuna kanisa la Mt. Thomas, hilo ambalo Johann Sebastian Bach aliongoza muziki toka 1723 mpaka alipokufa 1750, na kuna la Mt. Nikolaus ambalo mwaka 1989 maombi yake ya jumatatu yalitikisa serikali ya Ujerumani Mashariki. Luther hakuyafuta hayo majina. Ungamo la Augsburg la 1530, andiko la imani la Walutheri, linasema watakatifu tuwakumbuke na kuiga imani yao, ila tusiwaombe. Kwa hiyo wale wazee wangeweza kutuletea Thomas na Nikolaus na hakuna ambaye angelalamika, lakini walipofika mlimani wakaandika Machame, Mamba, Old Moshi. Mi naona ni kwa sababu huku walikuta watu wameshajipanga kwa eneo, kila mangi (mtawala wa Kichaga) na watu wake, usharika ukakaa juu ya mpangilio uliokuwepo.

Na hii haijaishia kwenye majengo, iko mpaka kwenye majina yetu wenyewe. Mkute mtu wa makamo wa Kibosho au Rombo, anaitwa Aloyce, Evarist, Proches, Honorata, Apolinari, hayo yametoka kwenye kalenda ya padre, umezaliwa siku ya mtakatifu fulani umeondoka naye. Mkute wa Machame au Mwika anaitwa Elirehema, Elifuraha, Aikande, Anaeli. Kwenye daladala ya Moshi Marangu ukisikia watu wakiitana majina unajua kabisa nani kabatizwa upande gani. Padre aliyempa mtoto jina ndo huyohuyo aliyekipa kigango jina, na kwa kalenda ileile.

Kihamba Juu

@Machame Damu aisee hapo kwenye kalenda umenigusa sehemu, ngoja nikirudi mlimani kuna kitu niulize. Babu yangu alibatizwa Mikaeli. Sijawahi kuwaza kwamba inahusiana.

Chalii wa Chuga

Machalii wa Moshi mnatesa na historia, ngoja na Arusha tuseme. Kanisa kuu letu ni Mt. Teresia wa Mtoto Yesu. Huyu binti alikufa 1897 ana miaka 24, aliingia monasterini Lisieux akiwa na 15 na hakutoka tena, hajawahi kukanyaga Afrika. Lakini kwa nini unamkuta kwenye nchi zote za misioni? Kwa sababu 1927 Papa Pius XI alimfanya msimamizi wa misioni, ubavuni kwa Fransisko Ksaveri ambaye alisafiri mpaka Japani. Mmoja kasafiri dunia nzima mwingine kakaa chumbani kuombea wanaosafiri, cheo kimoja.

Na angalia hii, Teresia alitangazwa mtakatifu Mei 1925. Nyie wa Moshi kanisa kuu lenu linaitwa Kristo Mfalme, na sikukuu ya Kristo Mfalme ilianzishwa na Papa huyohuyo, Desemba 1925. Makanisa makuu mawili, lami moja inayaunganisha, na majina yote mawili yana mhuri wa mwaka mmoja! Kwa hiyo kanisa linabeba jina lililokuwa na moto kipindi hicho. Hata Olasiti, ile parokia ya lile tukio la bomu la Mei 2013 ambalo hatutalisahau, ni Yosefu Mfanyakazi, hiyo sikukuu ya Mei mosi imewekwa na Pius XII mwaka 1955 tu. Msiwacheke vijana na Acutis wao, Teresia naye alikuwa mtakatifu wa juzi.

Bomang'ombe Stendi

Naongezea kwa Chalii. Mashahidi wa Uganda waliuawa kati ya 1885 na 1887, Karoli Lwanga alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, wakafanywa wenyeheri (hatua ya kabla ya utakatifu) 1920 na watakatifu 18 Oktoba 1964. Ukikuta kanisa linaitwa Mt. Karoli Lwanga au Mt. Kizito ujue hilo jina limewekwa baada ya hapo. Mi huwa napita na pikipiki nasoma vibao nafanya hesabu.

Fundi Altare

Mimi ni fundi ujenzi, sio msomi, ila hii ya mifupa nimeiona kwa macho. Kuna kanisa niliwahi kujenga altare ya zege na mawe, padre akaja na mchoro akaniambia acha kishimo hapa chini, upana wa kiganja, weka na mfuniko wa jiwe unaobana vizuri. Nikadhani ni ya kupitisha waya wa maiki. Nikamuuliza soketi inakaa upande gani, akacheka mpaka akashika ukuta. Siku ya kutabaruku ndo nikaelewa, kikaja kijisanduku kidogo hivi, askofu akakiweka mule, mimi nikaitwa mbele ya watu na kanzu za mapadre na mwiko wangu na karai ya saruji nikaziba. Mikono ilikuwa inatetemeka, na nimeziba mashimo maelfu. Baadaye padre akaniambia siku hizi sio lazima kuwe na masalia, ila yakiwepo lazima yawe ya kweli na yasiwe vumbi tu, yawe kipande kinachoonekana ni cha mwili wa mtu.

Kihamba Juu

@Fundi kwetu hakijawekwa kitu chochote, askofu msaidizi alikuja akabariki kwa maji akaondoka. Hiyo ina maana gani kwenye jina?

Ex Seminari

Hapo ndo penyewe mkuu. Kubarikiwa na kutabarukiwa ni vitu viwili. Sheria ya Kanisa namba 1218 inasema kila kanisa liwe na jina lake na likishatabarukiwa jina halibadilishwi. Kama lenu limebarikiwa tu bado mlango haujafungwa, ila mwenye ufunguo ni askofu, sio kamati, sio WAWATA, na kwa heshima zote sio mwenye bati. Na jina haliwi lolote, ni Utatu, Bwana Yesu kwa mojawapo ya majina au mafumbo yake, Roho Mtakatifu, Bikira Maria, malaika, au mtakatifu aliye kwenye orodha rasmi. Mwenyeheri mpaka ruhusa ya Roma.

Kubadilisha kumekuwepo sana ila mara nyingi kulikuwa na nguvu nyuma yake. Mfalme Henry VIII wa Uingereza mwaka 1538 aliamuru Thomas Becket afutwe kila mahali, maana huyo alikuwa askofu aliyeuawa 1170 kwa kugombana na mfalme na Henry hakupenda mfano huo. Baadhi ya parokia zikafanya ujanja, zikaacha "Mt. Thomas" ukutani wakasema ni yule mtume. Hakuna aliyepanda ngazi na rangi.

Na huyu Apolinari mnayemgombania ndo kabisa. Pale Ravenna, Italia, kuna kanisa maarufu la jina lake, lilijengwa na mfalme Theodoriko mwanzoni mwa karne ya 6 likiwa la Kristo Mkombozi. Theodoriko alikuwa Mwario, yaani wale waliosema Kristo hayuko sawa na Baba, utawala ukabadilika, na mwaka 561 likapewa Mt. Martini wa Tours. Karne ya 9 ikasemwa masalia ya Apolinari yamehamishiwa humo kutoka Classe nje ya mji, basi likawa la Apolinari mpaka leo. Majina matatu, kuta zilezile. Kwa hiyo upande wa tajiri wana mfano mzuri kuliko wanavyojua, nisije nikawa nimewapa silaha.

Kuhusu Mikaeli, yeye ni malaika, hana kaburi na hana mfupa, ndo maana toka zamani makanisa yake yanatafuta mwinuko. Monte Gargano Italia, Mont Saint-Michel Ufaransa, yote yako juu ya mwamba. Na sikukuu yake ya 29 Septemba asili yake ni siku lilipotabarukiwa kanisa lake kwenye barabara ya Salaria karibu na Roma, yaani tarehe imezaliwa na jengo. Nyie mpo kwenye mteremko wa Kilimanjaro na hamna masalia. Mi ningekuwa kwenye hicho kikao ningebaki na wazee, ila mi sio mjumbe.

Kama shida ni kumheshimu marehemu baba wa tajiri, kengele nazo huwa zinabarikiwa na kupewa majina ya watakatifu. Notre-Dame ya Paris ile kubwa inaitwa Emmanuel, ina zaidi ya tani 13, na 2013 ziliongezwa nyingine kila moja na jina lake, Gabriel, Denis, Marcel na wenzao. Nyie mna ringi ya lori.

Mtori Moto

Mt. Ringi.

Kihamba Juu

MREJESHO. Samahani kwa kimya, nilikuwa mlimani tangu ijumaa.

Nilienda kwa mzee wa katekista, yule wa zamani, sasa haoni vizuri, nikambebea sukari na nyama kilo moja maana huwezi kwenda kuuliza mambo ya zamani mkono mtupu. Nikamsomea huu uzi wote kwenye simu, kwenye ringi ya lori alicheka mpaka akakohoa. Alafu akamtuma mjukuu alete sanduku la bati toka chini ya kitanda, ndani kuna madaftari yamefungwa na kamba ya mgomba. La kwanza kabisa halina jalada, panya wamekula pembeni, mwandiko wa wino wa bluu umelala kama mvua ya upepo. Ukurasa wa kwanza ni ubatizo, watoto kumi na moja siku moja, tarehe 29 Septemba, mwaka umeliwa na panya. Kati ya hao kumi na moja, wavulana wanne wanaitwa Mikaeli. Wa tatu ni babu yangu.

Mzee anasema aliambiwa na baba yake kwamba padre alipanda kwa miguu, akasalisha misa ya kwanza chini ya mringaringa, akauliza watu leo tarehe ngapi, hakuna aliyejua, akafungua kitabu chake akawaambia leo ni Mikaeli, na nyie ni Mikaeli. Basi. Hiyo ndo kamati yote iliyokaa.

Jumapili nikaomba nafasi nikasoma huo ukurasa mbele ya watu. WAWATA wakapiga vigelegele kila jina lililosomwa maana kila mtu ana babu yake mule. Rita amepewa grota (kijipango cha kusalia) upande wa juu na wameshasema mchanga safari hii wanabeba wanaume. Vijana wameambiwa jumuiya yao ndo iitwe Acutis, wamekubali kwa kununa. Barua imeenda kwa askofu ikiomba Mikaeli abaki, tunasubiri.

Tajiri nilimpigia mwenyewe nikamwambia ile ya kengele. Akanyamaza muda mrefu nikadhani salio limeisha. Alafu akauliza kengele ya kweli inauzwa wapi, na je jina la Apolinari linaandikwa kwa nje au kwa ndani. Nikamwambia kwa nje, la herufi kubwa. Kasema atafutiwe bei.

Sasa kimebaki kitu kimoja, yule mzee anayegonga ringi kanifuata nyuma ya kanisa ameshika nondo yake, anauliza kengele ikija ina kamba ya kuvuta au inagongwa, na kama ni ya kuvuta yeye hii nondo anamkabidhi nani.